Nyumba Iliyopimwa Vibaya: Je, Mkristu Akate Rufani?

Liko swali moja ambalo halisikiki sana katika mahubiri, walakini lasumbua dhamiri za watu wengi wenye nyumba. Mtu amepokea karatasi ya kodi ya nyumba yake. Anaisoma, anaisoma tena, anaona kwamba hesabu iliyoandikwa si ya haki. Afanye nini? Alipe na kunyamaza, kwa kuwa Mkristu ni mtu wa amani? Akate rufani? Au amwite mpimaji kando, wayamalize kimya kimya, wasijue watu wengine?

Swali hili tulitazame mahali hasa, maana dhamiri haifanyi kazi hewani. Tutazame Kituku, katika mji wa Goma, pale mitumbwi ya motori na mashua za Minova na Idjwi zinapofika na mihogo, ndizi, mboga na samaki. Mwenye kupita njia za huko huona nyumba kubwa za matofali zenye ukuta na maua, zimeelekea ziwa. Na karibu nazo nyumba za mbao, zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano, bati lake limeshikwa kwa mawe. Njia ni moja, kartie ni moja, lakini nyumba si sawa. Basi hapo ndipo kosa la kupima huingia kwa urahisi.

Kodi hii ni kitu gani?

Kodi tunayoisema ni ile ya ardhi na majengo, inayoitwa kwa Kifaransa impôt foncier. Msingi wake katika Kongo ni sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imeiweka katika mambo ya jimbo, pamoja na kodi ya mapato ya kupangisha na kodi ya magari. Mwenye kuidaiwa ni mwenye nyumba. Sheria imezipanga sehemu za nchi kwa daraja, tena imetofautisha nyumba za namna ya villa na majengo mengine. Villa hutozwa kwa ukubwa wake, mita kwa mita, kwa kipimo cha kuta za nje. Majengo mengine hutozwa kiasi kilichokatwa, kwa kufuata namna yake na mahali yalipo. Kinachotazamwa ni hali ya nyumba mwanzoni mwa mwaka. Sheria hiyo haikuwasahau wanyonge kabisa: imeweka msamaha, kwa masharti yake, kwa wazee na wajane wenye mapato madogo wanaokaa katika nyumba zao wenyewe.

Sasa angalieni jinsi kosa linavyoweza kuzaliwa. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, moto wake ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, ukameza maelfu ya nyumba. Watu walijenga tena, wengi kwa mbao, mahali palipokuwa na matofali. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatoa moto tena, ukafika Buhene, na ardhi ikatetemeka siku nyingi hata nyumba nyingine mjini zikapasuka. Zaidi ya hayo, miaka mingi ya vita imeleta Goma watu wengi waliokimbia Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na jamaa nyingi zimewapokea ndugu zao ndani ya nyumba zao. Basi yawezekana nyumba iandikwe ya matofali, na tangu zamani ni ya mbao. Yawezekana iandikwe villa kwa sababu tu iko karibu na villa. Yawezekana mpimaji aone milango sita na watu ishirini, akaandika kwamba ni nyumba ya kupangisha. Kumbe wale ishirini ni shangazi na watoto wake na wajukuu, ambao hawalipi hata faranga moja.

Mtu aliyewapokea ndugu zake bure kwa ajili ya upendo, kisha akatozwa kodi kama mfanya biashara, kweli ana neno la kusema. Je, aliseme?

Je, kodi yafunga dhamiri?

Kabla ya kujibu, tuondoe kwanza wazo moja linalokaa katika mioyo ya wengi, hata ya waamini wema: kwamba kumdanganya mtoza kodi si dhambi, ila ni ujanja tu, na aibu yake ni kukamatwa.

Wazo hilo lina mizizi yake. Babu zetu hawakuijua kodi ya Serikali kama mchango wa watu wanaojenga nchi yao. Katika siku za Leopold, toka 1885 hata 1908, kodi ilikuwa mpira wa msituni, pembe na kazi ya nguvu, na aliyeshindwa kuleta aliadhibiwa. Baadaye, chini ya Wabelgiji, ikaja kodi ya kichwa, ambayo mwanamume alitafutwa kwa ajili yake kijiji kwa kijiji. Watu walioona kodi kwa sura hiyo, ni ajabu gani wakiwafundisha watoto wao kujificha?

Lakini kidonda cha zamani si sheria ya leo. Mtume Paulo, aliyeishi chini ya utawala wa Roma usio na huruma nyingi, aliwaandikia Wakristu wa Roma wampe kila mtu haki yake, naye anayestahili kodi apewe kodi; tena si kwa kuogopa adhabu tu, bali kwa ajili ya dhamiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwakemea wale wasioona haya kuzikwepa kodi za haki kwa hila. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 yafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa kweli.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali ili tuone sababu. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova na kujaa watu, ilizama karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangojea ndugu zao ufukoni. Makumi ya watu walikufa maji. Ni nani atakayehesabu watu kabla ya chombo kuondoka? Ni nani atakayeweka bandari nzuri, amlipe mkaguzi mshahara ili asiuze macho yake kwa mwenye chombo? Kazi hizo ni za watu wote, na fedha yake ni ya watu wote. Fedha hiyo isipokuwapo, au ikiwapo ikaliwa, maiti huonekana ufukoni.

Mtu atasema: "Ndiyo, lakini inaliwa! Njia yetu ni mawe matupu, maji twayachota ziwani. Kwa nini nilipe?" Neno hilo ni zito, na wenye mamlaka watajibu mbele ya Mungu. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kuna shauri la kiasi: je, nadaiwa hii au ile? Na kuna shauri la matumizi: je, fedha yetu imefanya kazi gani? Shauri la pili lina njia zake: mikutano ya kartie, wawakilishi, magazeti, umoja wa raia wenye kudai hesabu. Mtu asichukue hasira ya shauri la pili, ambayo ni ya haki, akaitumia kusema uongo katika shauri la kwanza. Akisema nyumba yake ina mita arobaini, nayo ina themanini, hakumwadhibu mla fedha. Amemwongezea mzigo jirani aliyesema kweli.

Je, kukata rufani ni ukaidi?

Sasa twaja kwa yule aliyepimwa zaidi. Wako waamini wanaofikiri kwamba Mkristu mwema hulipa lolote aliloandikiwa. Je, Bwana wetu hakufundisha kutoa shavu la pili? Je, kwenda ofisini na kubisha si kukosa unyenyekevu?

Hapana. Yezu Kristu mwenyewe, alipopigwa kofi na mtumishi mbele ya kuhani Anas, hakurudisha kofi, lakini wala hakunyamaza. Alimtaka yule mtu aonyeshe kosa lake, na kama hakuna kosa, aseme kwa nini amempiga. Huo si ukaidi. Hilo ndilo neno la mtu mpole anayeiheshimu kweli. Na Mtakatifu Paulo, alipoona kwamba huko Kaisaria hukumu yake ingepindishwa ili kuwapendeza watu, alisimama juu ya haki yake ya uraia, akakata rufani kwa Kaisari. Mtume yule yule aliyefundisha kutii mamlaka ndiye aliyekata rufani. Basi mambo hayo mawili hayapigani. Mwenye kukata rufani haikimbii mamlaka, huiendea. Huiambia: "Nakutambua, kwa hiyo nakuomba utazame tena."

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliliuliza swali hili waziwazi katika kitabu chake kikubwa cha teolojia: je, ni halali mtu kukata rufani? Akajibu kwa kutenganisha rufani mbili. Ya kwanza ni ya mtu anayeamini kwamba shauri lake ni la haki, na kwamba ameonewa. Hiyo ni halali, ni kazi ya busara. Ya pili ni ya mtu anayejua kwamba hukumu ni ya haki, ila anataka kuichelewesha tu, ili siku zipite. Hiyo si halali, maana yamdhulumu mwenye haki na kumwekea mwamuzi kikwazo.

Tomaso yuyo huyo alifundisha pia kwamba sheria yaweza kuwa si ya haki hata ikitafuta faida ya wote, endapo mizigo yake imegawanywa pasipo usawa. Neno hili latufaa sana. Mzigo wa kodi ni kama mashua: haitoshi kuuliza uzito wote ni kiasi gani, sharti tuulize umepangwaje. Ukiwekwa wote upande mmoja, chombo hupinduka ingawa uzito si mkubwa. Mjane wa nyumba ya mbao akilipa kama mwenye villa, na mwenye villa akilipa kama mjane, ofisi yaweza kupata jumla ile ile. Lakini haki haikupatikana. Mjane anayekata rufani hapo hajipiganii mwenyewe tu. Anapanga mzigo upya.

Rufani ni taa

Lakini, ndugu mpenzi, kabla hujaandika barua yako, chukua kamba au mita uipime nyumba yako wewe mwenyewe. Maana rufani ni taa, na taa haimuliki upande mmoja.

Tuseme iko nyumba Kituku, na mwenyewe ameandikiwa mita mia moja na ishirini. Anapima, anapata mia moja. Ana haki ya kulalamika. Lakini nyuma ya nyumba kubwa kuna vyumba vitatu vya mbao, ambavyo amewapangishia vijana wanaofanya kazi ya kupakua mizigo ufukoni, na kodi ya mapato ya kupangisha hajaitangaza kamwe. Aende kuidai haki yake ya mita ishirini, na haki ya watu wote katika vyumba vitatu aizibe kwa pazia? Mtu huyo anaitumia haki kama jembe: jembe huvuta udongo upande wa mwenye kulima siku zote. Haki ni mizani, si jembe. Mwenye kuomba mizani iletwe, aiache ipime vyote.

Simsemi mtu huyo ili aogope na kuacha rufani. Nasema hivi ili aifanye vizuri. Aende na mambo yote mawili: "Hapa mmenizidishia, na hapa mimi sikutangaza." Pengine mwisho atalipa zaidi kuliko mwanzo. Na iwe hivyo! Zakayo wa Yeriko, mkubwa wa watoza kodi, alipotengeneza hesabu zake mbele ya Bwana hakuongeza mali. Aliahidi kuwagawia maskini nusu ya mali yake na kurudisha mara nne. Walakini siku ile wokovu uliingia katika nyumba yake. Neno "nyumba" tusilisahau: wokovu hauingii moyoni tu na kuiacha nyumba nje.

Na aliyepimwa pungufu? Ikiwa upungufu umetoka katika uongo wake, kuungama peke yake hakutoshi. Sharti arudishe, maana mali ile si yake. Ikiwa umetoka katika kosa la ofisi, naye alisema kweli yote, hana dhambi ya uongo. Lakini ajiulize: kama kosa lingalikuwa la kuzidisha, je, nisingalikimbilia ofisini asubuhi? Mbona miguu yangu leo ni mizito?

Njia ya kando

Tusijifiche: njia inayowavuta wengi si rufani wala kunyamaza. Ni ile ya kando. Mpimaji amesimama mlangoni, ameandika villa. Mwenye nyumba anajua kwamba kuandika barua, kwenda ofisini mara nne, kungoja miezi, kuacha meza yake sokoni siku hizo zote, kutamgharimu sana. Mpimaji naye anajua kwamba yeye anajua. Wanatazamana. Noti chache zinapita mkono kwa mkono, na villa inageuka nyumba ya kawaida.

Mtu atajitetea: "Sikununua uongo. Nyumba yangu kweli si villa. Nimenunua kweli!" Neno hilo ni la hila, na tulijibu vema. Ni kweli kwamba mtu anayelazimishwa kutoa kitu ili apate haki yake mwenyewe hana kosa sawa na yule anayetoa ili apate kisicho chake; mwenye kumlazimisha ndiye mwivi. Wanateolojia wa Kanisa wameyatofautisha mambo hayo tangu zamani. Lakini hebu tazama matunda yake. Mpimaji amejifunza kwamba kosa lina faida: akizidisha, anapata. Kesho ataandika villa katika nyumba ya pili, na ya tatu. Katika nyumba ya nne atamkuta bibi kizee asiye na noti, naye atabaki mwenye villa katika daftari mpaka kufa. Kweli iliyonunuliwa kando imekuwa mali ya mnunuzi peke yake. Kweli iliyopatikana kwa rufani imeandikwa, ina muhuri, na jirani aweza kuionyesha kwa kidole: "Nyumba yangu ni kama ya huyu."

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili, na ndiyo sababu rufani, pale inapowezekana, ni tendo la upendo na siyo la haki tu.

Lini kunyamaza?

Je, kila aliyezidishiwa sharti akate rufani? Hapana. Liko somo jingine katika Injili, nalo ni somo la watu wa ziwani. Huko Kapernaumu watoza kodi ya hekalu walimwendea Petro wakauliza kama mwalimu wake halipi. Yezu alimwonyesha Petro kwanza kwamba wana wa nyumba hawadaiwi, yaani yeye hakuwa na deni. Kisha, ili asiwakwaze watu, alimtuma akavue samaki, akute sarafu kinywani mwake, awalipie wote wawili.

Angalieni mpango wa maneno yake. Kwanza kweli: hatudaiwi. Baadaye hiari: hata hivyo tutalipa. Hakulipa kwa kuwa hakujua haki yake, wala kwa hofu, wala kwa uvivu. Basi Mkristu naye aweza kusamehe haki yake. Tofauti ikiwa ndogo kuliko nauli ya kuifuata, akisema, "Na iende, ni mchango wangu," amefanya vema. Mgonjwa anayejua kwamba safari za ofisini zitamuua, asijilaumu. Anayeona kwamba shauri litawasha moto kati yake na jirani, naye aweza kuvumilia, avumilie.

Lakini sharti moja: asamehe kilicho chake. Mtu hawezi kuwa mkarimu kwa mali ya mwingine. Mama mjane anayewatunzia watoto nyumba ya baba yao. Kaka mkubwa anayekaa katika parseli ya ukoo mzima. Mzee wa shirika anayeshika jengo la wanachama: hao ni mawakili tu. Fedha inayotoka bure mikononi mwao ni ada ya shule ya mtoto, ni dawa ya nyanya, ni akiba ya wanachama. Kwao kunyamaza kwaweza kuwa si upole bali ni uzembe. Na yule anayejua kwamba kosa lililompata limeipata njia nzima, kwa kuwa mpimaji mmoja amewaandika wote kwa kalamu moja, naye ana elimu na nguvu ambazo wenziwe hawana, huyo naye asiharakishe kusamehe. Yeye aweza kulipa; wao hawawezi.

Katika siku hizi za shida

Yabaki neno moja ambalo msomaji wa Goma analingoja. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa AFC/M23, na wenye kukaa ofisini wakabadilika. Swali la nani ana haki ya kutawala na kutoza ni kubwa kuliko swali letu, wala haliamuliwi katika kurasa hizi. Walakini dhamiri za wadogo zahitaji mwanga. Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba hata mahali ambapo haki ya mtawala yabishaniwa, raia mnyonge aweza kutii katika mambo yasiyo dhambi ili kuepa hatari na fujo, na kutii hivyo si kutoa hukumu juu ya nani ni mwenye nchi. Mtu aliyelipa ili watoto wake walale salama asibebeshwe mzigo wa mashauri ya wakubwa.

Na palipo na hatari ya kweli kwa mwili au uhai, hakuna sheria ya Mungu inayomlazimu mtu kukata rufani kwa ajili ya mita ishirini. Busara nayo ni fadhila. Aliyenyamaza kwa sababu hiyo hakuisaliti kweli, ameiweka akiba. Aiandike katika daftari lake, atunze karatasi zake, maana siku za kuhesabu vizuri zaweza kurudi. Jambo moja tu halibadiliki kwa kubadilika ofisi: mita ni mita, mbao ni mbao, na uongo ni uongo.

Namna ya kufanya

Mwenye kuazimia kukata rufani, afuate mambo haya.

1. Apime nyumba mwenyewe, kwa kuta za nje, mbele ya shahidi, na kuandika tarehe.

2. Atafute sababu ya tofauti. Je, ni ukubwa? Ni namna ya nyumba? Ni daraja ya mahali? Ni msamaha wa mjane au mzee uliosahauliwa? Lalamiko lisilo na sababu ni kelele tu.

3. Aandike kwa maandishi, kwa lugha ya heshima, bila matusi wala vitisho. Sheria ya tarehe 13 Machi 2003 juu ya taratibu za kodi inampa mlipaji haki ya kupeleka malalamiko yenye sababu kwa wakubwa wa kodi, na akikataliwa, kwenda mahakamani. Sheria hiyo, ilipotolewa, iliweka miezi sita ya kulalamika. Kwa hiyo asilale.

4. Atunze nakala ya kila karatasi, yenye muhuri wa kupokelewa.

5. Asiyejua kuandika aombe msaada kwa mwenye kujua. Tume za haki na amani katika maparokia, na walimu wetu, wawatumikie watu kwa kazi hii. Kumwandikia mjane barua ya kweli ni kazi ya huruma, ingawa haikutajwa katika hesabu ya zile saba.

6. Akijibiwa kwa haki, hata kama hakupata yote, alipe na kushukuru. Mtu anayekubali rufani siku anayoshinda tu hakutafuta haki, alitafuta ushindi.

Na kabla ya yote, ajiulize maswali matatu mbele ya Mungu. Je, ninaloomba ni kweli? Je, niko tayari kweli yote ionekane, hata ile isiyonifaa? Je, nikishinda, jirani yangu mnyonge atapata nafuu, au mzigo wangu utamwangukia yeye?

Anayeweza kujibu maswali hayo bila kuinamisha macho, na achukue kalamu. Asiogope kwamba anapoteza amani ya Kikristu. Amani isiyo na kweli ni kimya tu, na kimya cha wanyonge hulala ndani yake kilio. Mungu Mwenyezi, ambaye Mwana wake alizaliwa Betlehemu wakati Yosefu alipokwenda kuandikwa katika daftari la Kaisari, azilinde nyumba zetu, za matofali na za mbao, na kutupa mioyo inayopenda kudaiwa kilicho haki, si zaidi, wala si pungufu.